Mkanda wa Nyuma

Alikuja kwa baiskeli, mvua ikimsindikiza,
kijana wa chuo kikuu cha Santiago,
daftari limefichwa kifuani chini ya koti.
"Mzee Gumersindo, hili neno retranka,
watu husema ni mzaha wa kwetu, mzaha wa Galisia.
Maana yake hasa ni nini?"
Babu hakuinua macho kwenye sindano.
"Nani kakwambia lina maana?"

Kijana akaandika.

Nilikuwa na miaka tisa, nimekalia rundo la ngozi
linalonuka nta na mafuta ya nguruwe,
nikajua mgeni amekwisha kuchezewa shere
na kwamba habari hiyo itamfikia kesho,
akivua soksi, au akikoroga kahawa.
Kejeli yetu haipandi farasi.
Hutembea kwa miguu, tena usiku,
na hupiga hodi mtu akishajifunika.

"Basi asili yake, mzee?"
Goti likalia. Babu akaangua ukutani
ukanda mpana, mweusi kwa jasho
la baghala waliokufa kabla mama hajazaliwa.
"Huu hapa. Hupita nyuma, chini ya mkia.
Gari likiteremka mlima, mzigo husukuma;
mnyama huukalia ukanda kidogo, hivi,
na gari halimpandi mgongoni. Retranka."
"Na mzaha?"
"Mzaha upi?"

Hakumwambia habari za Don Balbino,
mwenye mashamba hata yale yasiyoonekana,
aliyeagiza hatamu za njumu za fedha
na kuukataa ukanda wa nyuma:
"Mimi ni mtu wa kwenda mbele."
Babu, kofia mkononi: "Hilo, bwana, halina ubishi."
Na kweli alikwenda mbele.
Sikukuu ya Mtakatifu Roko, mteremko wa kanisani,
alikwenda mbele akapita chemchemi,
akapita meza ya padri na chupa zake,
akatua zizini kwa mjane Eudosia, kati ya nguruwe.
Hakuna aliyecheka. Nani angecheka,
na kodi ya Novemba iko njiani?
Eudosia alifuta mikono kwenye aproni, akasema polepole:
"Karibu, bwana. Ungetuma habari
ningefagia."

Kijiji kizima kikauma midomo,
kikaenda kucheka ndani, makomeo yamefungwa.
Kicheko hicho mimi nilikirithi
pamoja na kabati na deni la paa.

Kamusi ilitoka nikiwa mtu mzima.
Nikaisoma nimesimama, dukani, mjini Vigo:
kwanza, ukanda; pili, ujanja wa maneno.
Namba mbili zimepangwa kama majirani
waliogombania mpaka wakaacha kusalimiana.
Nilitaka kuchukua kalamu niwapatanishe,
niandike pembeni: mzigo ni uleule,
husukuma kwa nyuma, njaa, kodi, bwana mkubwa,
na ulimi hurudi nyuma kidogo, ukakaa.

Ila siku nyingine namkasirikia babu.
Miaka arobaini alimshonea Don Balbino
na hakumwambia hata neno moja lililonyooka.
Ndugu zake walipanda meli kwenda Buenos Aires
wakajifunza kupiga kelele.
Yeye alibaki, akifunga breki kila sentensi,
hata ile ya kumwambia bibi kwamba anampenda:
"Supu hii," alisema kitandani, wiki ya mwisho,
"nimewahi kunywa mbaya zaidi."
Bibi alitoka nje akalia kwa furaha.
Sijui. Pengine naye alilia kwa jingine.

Kijana alifunga daftari, akauliza adaiwe nini.
Babu alitazama mlango, mvua, 
barabara inayoporomoka hadi mtoni.
"Hiyo baiskeli," akasema, "ina breki?"
"Inazo, mzee."
"Basi huna haja ya neno letu."

Tulimsikia akiteremka.
Penye kona ya kinu ilipanda sauti yake,
na mpaka leo hatujakubaliana nyumbani
kama alikuwa anacheka
au anaomba njia.